Kitanda cha Harusi na Jeneza kwenye Ukurasa Mmoja

Mimi nimestaafu, kwa hiyo sasa naweza kusema ukweli. Miaka yote niliyokuwa nikiwatengenezea watu wa Kisauni tovuti za biashara zao, nilikuwa na jibu moja kwa kila kilichoharibika: "Ni mtandao huo, vuta subira." Mara nyingi haukuwa mtandao. Ilikuwa ni mimi. Haya, nimesema. Na kama kuna mteja wangu wa zamani anayesoma hapa, shikamoo, na pole.

Nanena nanyi vijana wa Mishomoroni, Changamwe na Likoni, nyinyi mnaowaahidi watu tovuti kwa siku tatu. Sitawafundisha kompyuta, mtanicheka. Juzi binti mmoja wa kanisani kwetu alinionyesha anavyotengeneza ukurasa kwa kuiambia simu tu anachotaka, nikabaki nimeshika mdomo. Lakini nilipoutazama ule ukurasa, lo! Nikakuta makosa yangu yote mle ndani, hata moja halijapotea. Basi nikasema ngoja niandike, maana mimi makosa hayo niliyagharamia, na nyinyi mnataka kuyarithi bure.

Jina langu Kadzo. Nilizaliwa Kaloleni, nikaolewa Junda, nikaanza kazi kwenye kiduka cha kuchapa barua za watu wanaotafuta ajira. Kompyuta ilipokuja, mwenye duka aliiogopa, akaniambia, "Kadzo, kaa nayo wewe, ikilipuka mimi nina watoto." Mimi pia nilikuwa na watoto, lakini hakuuliza. Aliyenifundisha tovuti ni Mkamba mmoja aliyekuwa karani Changamwe, akiitwa Wambua, mtu mfupi mwenye hasira ndefu. Jumamosi alikuwa akija Junda kula wali wangu wa nazi, na malipo ya wali yalikuwa somo.

Wambua hakutaka kusikia habari za rangi wala mapambo. Alikuwa na mtihani mmoja tu. "Kadzo," aliniambia, "anayefungua tovuti hii hana kiti. Yuko kwenye foleni ya feri pale Likoni. Jua linamchoma, mkono mmoja una kikapu, mwingine una simu ya bei rahisi, na bando lenyewe linakaribia kuisha. Ukurasa usipofunguka kabla geti halijafunguliwa, basi umejitengenezea wewe na mama yako." Kisha alinituma kweli. Kila tovuti niliyomaliza, nilitoka Junda hadi Likoni, nikasimama kwenye foleni, nikaifungua. Miguu ilivimba, lakini nilijifunza pale kuliko pahala pengine popote.

Kwa mfano, kulikuwa na bwana mmoja mwenye duka la mabati na misumari Changamwe. Hakutaka picha ya bati wala msumari. Alitaka picha yake amevaa suti, ijae ukurasa mzima. Nikamwekea, kwa sababu mteja ni mfalme na mimi nilikuwa na njaa. Nikaenda foleni. Picha ikaanza kushuka taratibu kutoka juu: nywele, paji la uso, nyusi. Geti likafunguliwa, watu wakasukumana, nami nikavuka maji nimemwona mpaka kwenye nyusi. Nilipomwambia, alinuna wiki nzima, halafu akakubali tuweke bati.

Kulikuwa na mama mwenye saluni Mtopanga aliyetaka wimbo uanze wenyewe mtu akifungua tu. Nilimwonya, akasema mimi ni mzee wa roho. Basi mteja wake mmoja akaifungua kanisani, wakati mchungaji amewaomba watu wainamishe vichwa kumwombea mgonjwa, na wimbo wenyewe ulikuwa wa kiuno. Yule mteja hadi leo anasukwa kwingine. Na kulikuwa na mwenye kibanda cha mbaazi na mahamri, jirani yangu kabisa, ambaye mpwa wake alimtafutia picha mtandaoni: Wazungu watatu wanakula majani mabichi huku wanacheka. Watu wa Junda walikuja kuniuliza wale jamaa wamepanga nyumba gani.

Tena kuna wale wanaosema "chema chajiuza" halafu hawaweki hata namba ya simu. Mteja mmoja aliniambia akiweka namba, mashemeji watampigia kumkopa. Nikamwambia, mzee wangu, mficha uchi hazai. Akaweka namba, mashemeji wakapiga, na wateja pia wakapiga. Huwezi kuchagua mmoja.

Lakini hayo ni makosa ya kuchekesha. Sasa niwape langu mimi, lile ambalo hata nikilicheka, hucheka huku nimejishika kifua.

Katana alikuwa seremala pale Mishomoroni, tukisali kanisa moja. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara, na kila aliyepita aliona kitu kimoja: majeneza, yamepangwa wima ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa. Hakuanza na majeneza. Zamani alimtengenezea jirani aliyefiwa, kwa huruma tu, na likatoka zuri mno. Baada ya hapo kila aliyefiwa Kisauni akaambiwa, "Nenda kwa Katana." Jina likishakukaa, limekukaa. Lakini moyo wa Katana ulikuwa kwenye vitanda, hasa samadari, vile vitanda virefu vya kuchongwa vya pwani. Alikuwa akichonga ubao wa kichwani mpaka ukadhani ni lesi. Tatizo, nani wa kununua? Watu walisema, randa ile ile, msumeno ule ule, mkono ule ule, wewe ulale hapo? Uchuro huo.

Siku moja akaja kwangu amevaa shati la Jumapili, na haikuwa Jumapili.

"Kadzo, nataka websaiti."

"Ya majeneza?"

"Ya vitanda." Akakaa. "Wewe unanijua. Miaka yote hii sijapata mteja hata mmoja aliyeingia kwangu akicheka. Wote huingia wakilia. Tena wakishachukua kazi yangu wanaifukia. Nataka kabla sijaishiwa nguvu nitengeneze kitu kitakachobaki juu ya ardhi."

Nikachukua daftari, nikaanza kuandika.

Bahati ilikuwa imeanza kumtazama kwa jicho moja. Timbwani, ng'ambo ya feri, palikuwa na mjane mmoja aitwaye Umazi, mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vinane. Kila mtu alimwita Shangazi Umazi, hata waliomzidi umri. Mpwa wake, Pendo, alikuwa anaolewa, na katika ukoo wao shangazi ndiye ampaye bibi harusi kitanda. Shangazi alikuwa ameona samadari ya Katana kwenye nyumba ya mtu aliyepewa zawadi na Katana, akaipenda, akaulizia. Akasema aonyeshwe picha nzuri zaidi. Kitanda cha Pendo kikimridhisha, angebadilisha na vile vinane vya wageni. Vitanda tisa, wanangu. Kwa Katana ilikuwa ndiyo njia ya kutoka kwenye majeneza kwa heshima. Ila kuna jambo moja Shangazi hakuwa akilijua, kwa kuwa aliishi ng'ambo: hakujua kazi nyingine ya yule fundi.

Nilimshauri Katana tuyaache majeneza kabisa. Akasema hapana, kodi ya karakana hulipwa na hayo, yaweke nyuma huko, mbali. Sawa. Nikachukua mfano wa duka uliokuwa umetengenezwa tayari, ule wa bure, nikauvisha jina la Katana. Vitanda nikaviweka ukurasa wa mbele. Majeneza nikayapa ukurasa wake wa nyuma, mtu hafiki ila akitafuta. Nikapiga picha samadari moja ya mbao za mbambakofi aliyokuwa ameimaliza, asubuhi, mwanga ukiwa bado laini. Nikaenda foleni ya feri, nikaufungua ukurasa, ukafunguka mara moja, pyaa! Nikajipongeza kwa soda. Nikamtumia Shangazi anwani palepale, nikarudi nyumbani kwa maringo.

Alasiri simu ikalia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Bi Kadzo, wewe ni mtu wa kanisa?"

"Naam, Shangazi. Umoja wa akina mama."

"Vizuri. Basi nijibu kama mtu wa kanisa. Nilikuwa kwenye foleni, narudi kutoka mjini na Pendo. Nimefungua picha yako. Kitanda nimekipenda. Pendo amekipenda. Nikashuka chini kidogo. Chini kuna nini?"

"Chini kuna namba ya simu, Shangazi."

"Chini kuna jeneza, Bi Kadzo."

"Jeneza?"

"Jeneza lenye mishikio ya dhahabu. Na juu yake pameandikwa maneno mawili: Pia utapenda."

Salaala! Mimi nilikuwa nimeijaribu ile tovuti kama ilivyo desturi, lakini nilitazama kama imefunguka haraka, basi. Sikushuka hadi chini. Kumbe ule mfano wa bure ulikuwa na kijisehemu chake kule chini cha kumpendekezea mteja bidhaa zinazofanana na ile aliyoipenda. Mashine ikakitazama kitanda: mbao, vanishi, futi sita na nusu, kitu cha kulalia. Ikalitazama jeneza: mbao, vanishi, futi sita na nusu, kitu cha kulalia. Ikasema hawa ni ndugu, na ikawaweka pamoja. Chini zaidi ikashukuru: "Asante kwa kununua, karibu tena na familia yako!"

Sasa mimi, kwa mazoea ya miaka, mdomo ukanitangulia. "Ni mtandao huo, Shangazi, vuta..."

"Mtandao ndio unaochonga majeneza?"

"Hapana, Shangazi."

"Nani anayechonga?"

Ikabidi niseme. Nikasikia upande wa pili mtu analia, nikajua ni Pendo. Shangazi akasema habari tayari zimefika kwa mama yake bwana harusi, na yule mama ameuliza kama watoto wanaozwa au wanazikwa. Akakata simu bila kuaga. Nyinyi mnajua kwetu pwani mtu akikata simu bila kuaga amekasirika kiasi gani.

Niliufuta ule ukurasa, kisha nikaenda karakana kumwambia Katana. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akachukua nyundo na tindo, akaenda kwenye ile samadari akaanza kuulegeza ubao wa kichwani.

"Unafanya nini?"

"Mbambakofi nzuri hii. Inatoa majeneza mawili," akasema. "Basi tena, Kadzo. Wewe si wa kulaumiwa. Mauti yamenizoea tu."

Nilimnyang'anya nyundo. Nawaambia kweli, nilimnyang'anya, mwanamke mzima na magoti yangu mabovu. Nikamwambia, "Nipe mpaka Alhamisi." Niliona aibu vibaya sana. Mtu amesubiri nusu ya umri wake, mimi namharibia kwa sababu nilikuwa mvivu wa kuteremsha kidole kwenye kioo!

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Kosa la kwenye tovuti haliombewi msamaha kwenye tovuti. Nyinyi siku hizi mnaandika "samahani kwa usumbufu", mnaweka kikatuni kinacholia, mnaona mmemaliza. Mimi nilinunua kilo mbili za sukari na majani ya chai, nikavuka, nikaenda hadi Timbwani, nikapiga hodi.

Shangazi alikuwa uani anapukuchua mbaazi. Mwanamke mrefu, mwembamba kuliko nilivyomfikiria kwa ile sauti. Alinikaribisha, akaniuliza habari za safari, za nyumbani, za watoto, za kanisa, moja baada ya nyingine, bila haraka, na mimi nikajibu njema, njema, njema, huku jasho linanitiririka. Alipomaliza akasema, "Haya. Sema."

Nikasema yote, hata ule mtihani wa feri na soda niliyojipongezea. Nikamwambia kosa ni langu, mkono wa Katana hauna kosa, na kwamba mtu anayewapumzisha wafu vizuri hawezi kushindwa kuwapumzisha walio hai.

Akaendelea kupukuchua. "Una maneno," akasema. "Lakini mimi siwezi kumlaza mtoto wangu kwenye maneno. Watu wanasema kitanda kile kina uchuro. Basi mtu mzima mwenye akili zake alale juu yake, mchana kweupe, mimi nije nimkute amelala, nimwamshe, aamke. Akiamka salama, nitakuwa na la kuwajibu."

"Alale nani, Shangazi?"

Akaniinulia macho. "Aliyeandika pia utapenda."

Tulipatana aje Alhamisi, nayo ni siku yetu ya umoja wa akina mama. Nilitoka kanisani moja kwa moja, nimevaa sare: gauni jeupe, kitambaa cheupe kichwani, soksi nyeupe. Katana alikuwa amekiweka kitanda mbele kabisa ya karakana, maana ndani hakikuenea, na nyuma yake majeneza yamesimama ukutani palepale pao. Akatandika shuka, nalo jeupe. Mimi sikuliona tatizo. Katana hakuliona tatizo. Watu wawili wazima, tena mmoja wao fundi wa mambo hayo!

Nia yangu ilikuwa kujilaza tu, nifumbe macho Shangazi akitokea. Lakini jamani, kile kitanda! Mtu alikuwa amekipima kwa mgongo wa binadamu. Nikajinyoosha chali, nikakunja mikono kifuani, ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu nilale na gauni la kanisa lisikunjamane. Katana akasema anakwenda kununua msasa, anarudi sasa hivi. Sikumsikia akitoka. Nilikuwa nimeshazama.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Akapita mama mmoja muuza viazi karai, na beseni lake kichwani. Akatupa jicho. Akaona nguo nyeupe, shuka jeupe, mikono kifuani, na majeneza matano nyuma yananisubiri. "Uwiii! Bi Kadzo katutoka!" Barabara nzima ikaja. Akina mama wa kanisani, ambao nusu saa tu nyuma niliwaaga mzima, walikuwa hawajafika mbali, wakarudi mbio. Mmoja akasema nilionekana nimechoka tangu asubuhi. Mwingine akasema nilikuwa mtu mwema, maneno ambayo sijayasikia tena toka kwake mpaka leo. Hakuna hata mmoja aliyenigusa, kwa kuwa kila mtu alimsubiri mwenzake atangulie. Wakajifunga leso viunoni wakaanza wimbo wa maziko.

Mimi ndani ya usingizi nikausikia wimbo. Akili yangu ikaniambia bado niko kwenye mkutano na nimesinzia, mwenyekiti ataniona. Walipoingia ubeti wa pili, nikaingia nao. Macho nimefumba, mikono kifuani, naimba sauti ya chini, ile yangu ya kila siku.

Nasikia walikimbia hadi kwenye stendi. Beseni la viazi liliachwa chini, na ukwaju wake. Nilipofumbua macho, barabara ilikuwa tupu kabisa, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama miguuni pangu ameshika mkoba kwa mikono miwili. Shangazi Umazi. Alikuwa amefika katikati ya ule msiba.

Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka amejishika mbavu, machozi yanamtoka, anajaribu kusema neno halitoki. Akaja akaketi kando yangu kitandani, akacheka tena. Nami nikaanza kucheka, mpaka kitambaa kikanivuka.

Tulipotulia nikamuuliza, "Shangazi, mbona wewe hukukimbia na wenzako?"

"Nikimbilie wapi, Bi Kadzo?"

Alilisema kwa namna ambayo kicheko changu kilikatika. Akapapasa ule ubao wa kichwani, akafuata maua kwa kidole. Akaniambia daktari alikwishamweleza habari yake, mara mbili, na mara ya pili polepole zaidi. Nyumbani hajamwambia mtu. Pendo akijua ataahirisha harusi aje akae naye, naye anataka kumwona mtoto anaolewa, na pilau ya harusi aile yeye mwenyewe kwa meno yake.

"Siku ile kwenye foleni," akasema, "hukuniudhi kwa uchuro. Mimi siamini uchuro. Nilikuwa natoka kwa daktari, Pendo nilimwacha madukani bila kumwambia. Niliposhuka chini ya kitanda nikaona lile sanduku, nilidhani simu imenijua."

Wanangu, mimi nimeandika kurasa sijui ngapi, na sikuwahi hata mara moja kufikiria uso wa anayezisoma ukoje. Nilifikiria simu yake, bando lake, foleni yake. Badala ya kumwomba radhi upya, nikamshika mkono. Alikuwa na mkono baridi, mkavu, na akaniachia niushike. Aliniambia habari hii niifungie mpaka yeye aondoke, baadaye nimsimulie nimtakaye, ila nisisahau sehemu ya wimbo.

Katana akatokea na msasa wake, ameona barabara tupu na beseni la viazi limekaa peke yake, macho yamemtoka. Shangazi akainuka, akajinyoosha gauni, akamsalimia kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Fundi, kitanda cha mwanangu nimekipokea. Na vile vinane, mbao hii hii, maua usirudie, kila chumba na ua lake."

Katana akauangusha msasa. Mimi nikamkanyaga mguu, akasema, "Naam, Shangazi. Asante, Shangazi."

"Sijamaliza. Kuna na cha kumi. Lakini sitaki mishikio ya dhahabu, inapiga kelele. Nichongee maua kama haya ya kichwani, na kwa ndani pia, maana mimi ndiye nitakayeyaona."

Katana alinitazama, nami nikamwitikia kwa kichwa. Akaelewa. Akatoa futi kamba mfukoni, akaishika, akawa hajui aanzie wapi. Kwa kawaida, aliniambia baadaye, wateja wake huwa wamelala. Akaonyesha kitanda kwa mkono, kwa heshima, kwamba labda Shangazi ajinyooshe kidogo.

"Mimi?" Shangazi akadakia. "Sijapata kulala mbele ya mwanamume asiye mume wangu, na sitaanza na wewe. Nipime wima."

Akasimama wima katikati ya karakana, mabega nyuma, mkoba mkononi, anatikisika kwa kicheko, na Katana akampima kutoka kisigino hadi utosini. Alirudia mara tatu kabla hajapata namba, kwa sababu machozi yalikuwa yamemziba macho.